Mtungi wa Mjini

Kazi yangu ni kuuza maji. Duka liko Lanet, Nakuru, kati ya kinyozi na mama wa chapati, na kila asubuhi wateja hupanga mitungi yao mlangoni kabla sijafungua. Ninachuja, ninajaza, shilingi tano kwa lita. Kwa hiyo tangazo lilipoingia kwenye kundi letu la WhatsApp la wapanda milima, kwamba Februari kutakuwa na safari ya siku nane kupitia jangwa la Chalbi hadi Ziwa Turkana, siku tatu za katikati zikiwa za kutembea kwa miguu, sikuona machweo wala picha ya nyota iliyobandikwa chini yake. Niliona mstari mmoja tu: "Maji ya kunywa yatabebwa na ngamia."

Nikacheka peke yangu. Nikamwandikia kiongozi: yatabebwa kwenye nini, na yametoka wapi?

Hivyo ndivyo nilivyojiingiza. Kikundi chetu ni cha Jumamosi tu, Menengai mara nyingi, Longonot mara chache. Aliyenivuta ni muuguzi mstaafu anayejaza maji kwangu. Siku moja aliniona nikihema kwa kubeba mtungi mmoja hadi kwenye bodaboda, akaniambia, "Mama, presha inakutafuta na wewe umeikalia hapa unaisubiri." Tangu hapo nikawa napanda naye. Lakini Menengai unapanda asubuhi na saa nane uko jikoni kwako. Jangwa ni shughuli nyingine, na ada yake pia ilikuwa shughuli nyingine. Tukapatana: mimi nitoe maji ya zile siku tatu pamoja na mitungi minne mipya, wao wanipunguzie, na kilichobaki nilipe mdogo mdogo hadi Januari.

Hapo inabidi niseme habari ya meno yangu, maana bila hiyo mengine hayataeleweka.

Nimekulia Elementaita, kwenye kisima cha kuchimbwa ambacho kijiji kizima kilijivunia. Maji yake yalikuwa maangavu, baridi, matamu. Na yalituchora. Ukikutana na mtu wa rika langu kutoka upande ule, akicheka utaona meno ya rangi ya chai ya mkandaa, mengine yana vishimo kama bati lililopigwa na mvua ya mawe. Ni floridi. Miamba ya volkano ya Bonde la Ufa inayo tele, na maji yakikaa chini humo muda mrefu huiyeyusha na kupanda nayo. Mtoto akiyanywa wakati meno yake ya ukubwani bado yanajijenga ndani ya ufizi, madoa huingia humo humo. Yakishaota, hakuna mswaki, mkaa wala magadi yatakayoyatoa. Shirika la Afya Duniani linasema maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floridi kwa lita moja. Visima vingi vya kwetu vinapita hapo bila kutazama nyuma.

Mama yangu, kwa nia njema kabisa, aliyachemsha kila siku. Kuchemsha huua vijidudu, lakini floridi haitoki na mvuke. Maji yanapungua sufuriani, yenyewe inabaki pale pale. Hayo nilikuja kuyajua nikiwa mtu mzima, nilipoviona vichujio vya mkaa wa mifupa ambavyo Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru ilikuwa ikivitengeneza kwa ajili ya visima kama kile chetu. Nilisimama mbele ya pipa lililojaa vipande vya mifupa myeusi nikajiona mjinga kwa niaba ya kijiji kizima. Biashara ya maji ilianzia hapo, ingawa wateja huambiwa ilianzia kwenye mkopo wa chama.

Basi mimi hucheka nikiwa nimeweka kiganja mdomoni. Hata sijui tena kama ninafanya hivyo.

Tuliondoka Nakuru saa kumi na moja alfajiri kwa lori lililofungwa viti, watembeaji kumi na mmoja: muuguzi wangu, mwalimu wa jiografia kutoka Njoro, vijana wawili wa benki, maharusi wa miezi miwili, na wengine mtakaowasamehe wasipotajwa. Nyahururu, Nanyuki, Isiolo, kisha lami ndefu ya Moyale inayokwenda bila kona hadi mtu anasinzia na kuamka na mlima ule ule bado uko dirishani. Tukalala Marsabit, penye msitu, ukungu na baridi ya kuvaa sweta mbili. Sikuamini kwamba jangwa liko chini ya kilima hicho. Asubuhi tukateremka kuelekea Maikona na kwa kila kona tulivua nguo moja.

Chalbi ni ziwa lililokufa. Mwalimu alitueleza hivyo na mara hii hakuhitaji ubao: ardhi imelala sawasawa kama sakafu iliyopigwa rula, nyeupe kwa magadi, na ukitembea juu yake inavunjika chini ya buti kwa mlio wa biskuti. Mbele yetu saa zote kulikuwa na maji. Yanametameta, yana visiwa, yana hata miti iliyosimama kichwa chini. Ni mazigazi. Nilikuwa nimesoma habari zake darasa la sita, lakini kujua hakukusaidii kitu, jicho linakuambia ni maji na koo linaliamini. Mimi, mwuza maji, nilimwuliza dereva mara mbili kama ana hakika.

Kalacha tulilala chini ya mikoma, karibu na chemchemi. Mengi ya hapo nayapita. Niseme tu kwamba yule kijana wa benki aliyekuja na spika kubwa kama kibuyu aliwasha muziki saa tatu usiku, na anga lote lile likawa ni kama stendi ya matatu. Hakuna aliyemwambia kitu. Sisi Wakenya tuna ugonjwa huo, tunanung'unika hemani.

Siku ya tatu lori lilitupeleka mbele ya North Horr, mahali mchanga unapoishia na mawe meusi ya volkano yanapoanzia. Hapo ndipo ngamia sita walikuwa wakitungoja, pamoja na Wagabra watatu: mzee mmoja na vijana wawili. Lori lingezunguka na barabara na kutukuta Loiyangalani. Sisi tungekata moja kwa moja.

Hesabu ya maji niliifanya mimi. Watu kumi na watano, yaani sisi kumi na mmoja, kiongozi na wenye ngamia watatu. Lita sita kwa kichwa kwa siku, kupika ndani yake. Siku tatu. Hiyo ni lita 270, tukazifanya 280, mitungi kumi na minne ya lita ishirini. Ngamia watatu walibeba minne minne, wa nne akabeba miwili na masufuria, na wawili wa mwisho mahema na mizigo. Mitungi kumi ilikuwa ile ya manjano ya mafuta ya kupikia, mizito, imekwaruzwa, mmoja umezibwa kwa sabuni na kitambaa. Minne ilikuwa yangu, ya bluu, miangavu, yenye nembo ya duka.

Mzee alipoifikia yangu alisimama. Akaweka kidole gumba ubavuni mwa mmoja, akabonyeza. Plastiki ikaingia ndani, ikarudi kwa mlio, pok. Akasema maneno mawili matatu kwa Kigabra. Vijana wake wakatabasamu. Nikamtazama kiongozi anitafsirie, akajifanya anafunga kamba za buti.

Tulikuwa tunatembea saa kumi alfajiri kwa tochi za kichwa hadi saa nne asubuhi, tunajikunyata chini ya turubai hadi saa kumi jioni, kisha tena hadi giza. Watu huniuliza jangwa lina joto kiasi gani. Joto silo la kushangaza, Kisumu pia kuna joto. La kushangaza ni ukavu. Hutoki jasho, au unadhani hutoki. Jasho linaruka kabla hujaliona, na jioni ukivua shati unakuta mistari myeupe ya chumvi mgongoni kama ramani. Midomo inapasuka. Kucha zinakwaruza nguo. Leso niliyokuwa nimejifunga kichwani nililowesha ncha yake nikaning'iniza begani, na sikumaliza kumweleza muuguzi hadithi ya mjukuu wangu kabla haijakauka.

Muuguzi alijipa kazi ambayo hakuna aliyemwomba. Kila tulipopumzika alipita mtu kwa mtu na kuuliza kwa sauti ya wodini, "Mkojo rangi gani?" Bwana harusi alijibu mbele ya mkewe akiwa ameinamisha kichwa. Kufikia siku ya pili tulikuwa tunajitangazia wenyewe bila kuulizwa.

Mitungi yangu ilipasuka jioni ya siku ya kwanza.

Nitaeleza jinsi ilivyokuwa kwa sababu nimeirudia kichwani mara nyingi. Ngamia hapakuliwi mzigo akiwa amesimama, hulazwa kwanza. Anapiga magoti ya mbele, mwili unatumbukia, halafu anakunja ya nyuma na kujiegemeza upande mmoja kutafuta mkao. Juu ya mchanga hakuna neno. Lakini pale tulipofika palikuwa na mawe, na jiwe moja lenye ncha lilikuwa upande ule ule alioegemea. Nilisikia mlio niliousikia asubuhi, pok, halafu mwingine wa kuchanika. Mmoja uliminywa kati ya jiwe na miti ya matandiko, na wa pili ukavutwa na kamba ya wa kwanza. Lita arobaini zikamwagika kwa muda wa kusema salaamu. Hazikutengeneza hata dimbwi. Mawe yaliingia weusi zaidi, kukawa na harufu ya mvua, harufu nzuri kabisa, na kisha hakuna.

Asubuhi tukakuta wa tatu umepata ufa shingoni na umejitoa wenyewe usiku kucha. Mitungi ile ni ya kuwekwa juu ya mashine ofisini. Nilikuwa najua hivyo. Kila siku huwaambia wateja wasiifunge kwenye bodaboda bila kuweka gunia. Lakini nilitaka jina la duka lionekane kwenye picha za jangwani, na huo ndio ukweli wote.

Nikapiga hesabu tena, mkono ukitetemeka. Lita 280, toa 90 tulizotumia, toa 60 zilizomwagika. Zilibaki 130 kwa siku mbili. Sitini na tano kwa siku: arobaini na tano za kunywa, yaani tatu kwa kila mtu, na ishirini za jikoni. Si kifo. Lakini kwa joto lile muuguzi alikuwa anataka watu wanywe tano, na alinitazama kwa jicho la mtu anayejizuia kusema.

Nilimwendea kiongozi pembeni nikamwambia mimi nitakunywa lita moja, kosa ni langu. Kijana yule, Msamburu wa miaka kama ishirini na sita, aliendelea kukunja hema. "Mama Maji," akasema, jina hilo nilishalipewa tangu Isiolo, "hapa hakuna anayelipa deni kwa kutokunywa. Ukianguka, tutakaokubeba ni sisi. Na mtu aliyebeba mtu anakunywa zaidi." Halafu akanikabidhi kikombe cha bati na kuniambia nigawe mimi, kwa sababu mkono wangu unajua lita.

Ni kweli unajua. Nilipiga magoti kwenye mawe alfajiri ile na kumimina chupa thelathini za lita moja na nusu, mbili kwa kila mtu, bila kumwaga tone. Watu walisimama kwenye foleni kimya. Yule wa spika alikuwa wa mwisho. Alipochukua zake aliziangalia, akazifunga vizuri, akaniuliza kwa upole kama akimaliza moja kabla ya saa nne ni vibaya. Siku hiyo spika haikuwashwa, nadhani betri ilikuwa imeisha, ingawa wengine wanasema aliificha.

Kuna watu husema wangependa jangwa wakiwa peke yao, wapate utulivu. Mimi siwaelewi tena. Mnapokuwa kumi na watano na lita sitini na tano, kila mtu anaonekana waziwazi kuliko anavyoonekana kwake nyumbani. Nilijua nani anakunywa kwa mafunda madogo, nani anajidanganya kwa kusukutua na kumeza baadaye, bibi harusi gani anammiminia mumewe akidhani hatuoni. Masufuria tuliyasugua kwa mchanga. Mchele haukuoshwa. Chai ilikuwa nusu kikombe, na mzee wa ngamia, ambaye alikunywa kidogo kuliko sisi sote, alimpa kijana wake ile nusu ya nusu iliyobaki.

Saa tatu asubuhi tukafika kwenye laga, mto wa mchanga mtupu usiokuwa na hata unyevu wa kuaminika. Mzee alitembea ndani yake akitazama chini, akapita mahali pawili, akasimama pa tatu karibu na mzizi wa mgunga. Vijana wakachimba kwa sufuria na mikono. Kufika kiwikoni mchanga ukabadilika rangi. Kufika begani ukaanza kujikusanya maji, polepole, kijiko kwa kijiko, ya rangi ya chai ya maziwa. Walichota kwa kikombe kile kile cha bati na kuchuja kwa leso yangu. Mitungi miwili ilichukua karibu saa mbili.

Mfukoni nilikuwa na kipimo changu cha dukani, kile kama kalamu, unakichovya kwenye maji kinakuambia kuna chumvi na madini kiasi gani. Maji ninayouza husoma ishirini na kitu. Haya ya laga yalisoma 912. Mzee alisogea akatazama namba, akachovya kidole kwenye kikombe, akaramba, akatikisa kichwa kukubali kama fundi anayeangalia kazi ya mwanafunzi. Kipimo hakiwezi kuonyesha floridi peke yake, lakini hilo halikunisumbua. Floridi ni mdai mvumilivu, hudai kwa miaka. Siku mbili haikufanyi kitu. Tulichemsha tukanywa, na chai ya jioni hiyo ilikuwa na chumvi kidogo, na nilipewa kikombe kizima.

Ngamia hawakunywa chochote siku zote tatu. Mwalimu alipata nafasi ya kumsahihisha kila mtu kwamba nundu ni mafuta, si tangi la maji. Mzee, aliyetafsiriwa hilo, alitaka kujua ni nani aliyedhani ni maji.

Ziwa tuliliona siku ya mwisho asubuhi, kutoka juu ya mwinuko, na kwa muda hakuna aliyesema kitu kwa sababu tulishadanganywa na Chalbi. Hili lilikaa mahali pake. Rangi yake huwezi kuitaja kwa neno moja, ni kijani cha chupa upande wa jua na nyeusi upande wa upepo. Maharusi wakaanza kukimbia kuteremka, mwalimu akapiga kelele, "Teleki naye alikimbia!" na kwa kuwa hatukuwa na haraka ya kufika kwenye maji tusiyoweza kunywa, akatusimulia tukiwa tunashuka. Machi 1888 Count Samuel Teleki na mwenzake Ludwig von Höhnel walifika ufukoni na msafara wao wa wapagazi, wana kiu ya kufa. Watu wakajitupa ziwani wanywe. Maji yakawa ya magadi. Teleki akalipa ziwa jina la Rudolf, mwana wa mfalme wa Austria, na likabaki hivyo kwenye ramani hadi 1975. Wapagazi walilipa jina gani jioni ile, mwalimu hakusema, lakini ninaweza kukisia.

Mimi nilichovya kipimo. Kikapita 1,700.

Ni ziwa lisilo na mlango wa kutokea. Mto Omo kutoka Ethiopia unaleta karibu sehemu tisa kwa kumi za maji yake, jua na upepo vinayanyanyua, na kila kilichoyeyuka humo kinabaki. Ndivyo lilivyo Ziwa Nakuru. Ndivyo lilivyo Elementaita. Nimekaa kwenye bonde hili miaka arobaini na nne na sikuwahi kufikiri kwamba ni bonde moja.

Loiyangalani kuna chemchemi ya maji ya uvuguvugu na mikoma, na nilioga hadi nikaona haya. Usiku upepo unaoshuka kutoka mlima Kulal ulitaka kutuondoa na mahema yetu. Tulilala tumeshika nguzo. Kesho yake tukapelekwa Layeni, kijiji cha Waelmolo, wavuvi, jamii ndogo sana. Tulilipa ada ya wageni, tukaimbiwa, tukaonyeshwa nyumba za makuti zilizo duara kama vikapu vilivyofunikwa. Sipendi sana ziara za namna hiyo. Mnasimama na simu mkononi, wao wanasimama na shanga, na kila upande unasubiri mwingine amalize.

Nikatoka kwenye mstari wa picha nikakaa kwenye kivuli cha ukuta karibu na mama mmoja aliyekuwa akikarabati wavu. Tukasalimiana kwa Kiswahili. Nilimwuliza wanakunywa maji gani. Akaonyesha ziwa kwa kidevu. Kulikuwa na bomba la maji safi, akasema, lakini ziwa limepanda likalimeza, na makaburi ya wazee wao pia. Nikamwambia kwetu Nakuru nako ziwa lilipanda, likameza nyumba za watu Mwariki na lango la hifadhi. Akaacha wavu. "Kwani nyinyi pia mna ziwa?"

Nikacheka, na kiganja kikaenda mdomoni kama kawaida. Hakikufika. Aliushika mkono wangu katikati ya njia, bila ukali, kama unavyomzuia mtoto asiguse sufuria, akauteremsha, akanitazama meno.

Kisha akafungua mdomo wake. Alikuwa na machache kuliko mimi, lakini yalikuwa yale yale, rangi ile ile ya mkandaa, vishimo vile vile. Akagonga la mbele kwa ukucha.

"Ulinywa ukiwa mdogo," akasema.

"Nilinywa kisima."

"Na miguu?"

Nilielewa anachouliza. Watoto wawili waliopita mbele yetu walikuwa na miguu iliyopinda kama upinde, na hiyo ni kazi ile ile ya floridi ikiwa nyingi na ikikaa miaka. Nikakunja suruali nikamwonyesha miguu yangu, imenyooka. Akaitazama muda mrefu kidogo. "Mlikuwa na bahati," akasema, akarudi kwenye wavu wake.

Tulikaa pale nusu saa. Aliniuliza mashine yangu ya kuchuja ni bei gani, nikamwambia ukweli. Akauliza inatumia umeme, nikasema ndiyo. Akauliza ikiharibika fundi anatoka wapi, nikasema Nakuru. Hakuuliza tena. Alileta chai ya rangi kwenye vikombe viwili, na nilijua imepikwa kwa maji gani. Nilikunywa. Ina ladha ya sabuni kidogo mwishoni, pale nyuma ya ulimi.

Kiongozi alianza kutuita. Mama akaniuliza ile mitungi yetu ya maji tutarudi nayo. Lori lilikuwa limesimama nje ya kijiji, tukashusha yote kumi ya manjano, na kabla hatujamaliza kulikuwa na wanawake wanne na ugomvi mdogo wa nani achukue ule uliozibwa kwa sabuni. Ulibaki wa bluu mmoja, ule uliookoka, mzima, na nembo yake. Nikaubeba mwenyewe nikampelekea yeye kama zawadi.

Aliupokea kwa mikono miwili kwa adabu. Akaweka kidole gumba ubavuni, akabonyeza. Pok.

"Huu ni wa mjini," akasema, akanirudishia.

Tukarudi kwa njia ya Sarima, tukipita katikati ya mitambo ya upepo ambayo mwalimu alijaribu kuihesabu hadi akaambiwa iko 365 akaacha, kisha South Horr, Baragoi, Maralal. Mtungi niliuweka katikati ya miguu. Kila lori lilipoingia shimoni uligonga magoti yangu, mtupu, hadi Nyahururu.